Nyumba Inayoombwa Moto

Kabla hamjampelekea mtu sabuni, jiulizeni sabuni hiyo itawaambia nini majirani zake.

Najua mlitaka nianze na maombi. Juzi mlipokuja nyumbani, nyie vijana sita wa idara ya huduma, na fulana zenu mpya zenye jina la kanisa mgongoni, mlikaa kwenye mkeka wangu mkaniambia: "Mama, tuandikie hatua za kujenga huduma ya jamii. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tutazichapa." Nikakubali, kwa sababu mlikuwa mmeniletea mkate. Tangu siku hiyo nimekaa na kalamu na hatua hazijaja. Kinachokuja ni nyumba moja, na mwanamke mmoja ndani yake, na kosa nililolifanya kila Alhamisi kwa miezi mitano huku nikiimba.

Basi nitaliandika hilo. Hatua mtazichambua wenyewe humo ndani, kama mchele.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Nilikuwa fundi cherehani. Kibanda changu kilikuwa karibu na soko hapa Mpanda, na treni ya kutoka Kaliua ilipopiga honi, mafundi wote tuliinua miguu kwenye pedali ili tubishane imechelewa kwa saa ngapi. Nilikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kuuliza. Mteja akija kupimwa gauni, kabla tepu haijashuka kiunoni nilishajua ametoka wapi, gauni ni la harusi ya nani, na kwa nini dada yake hakualikwa.

Siku moja akaja Mwinjilisti Zebedayo kushona suruali. Alikuwa Mkonongo wa Inyonga, mrefu, mkimya, mrina asali tangu ujana wake, na mikono yake ilikuwa na alama za nyuki mpaka viwikoni. Nikampima huku namuuliza. Mizinga yake ni ya magome au ya mbao? Nyuki wanamjua? Mtu akiumwa na nyuki kwenye ulimi inakuwaje? Alijibu yote kwa upole. Nilipomaliza akasema:

"Mama, wewe unauliza sana."

Nikamwomba radhi.

"Usiombe radhi. Kanisani kwetu tuna watu wengi wa kujibu. Wa kuuliza hatuna. Njoo Jumatatu."

Ndivyo nilivyoingia kwenye diakonia, kazi ya kanisa ya kuwahudumia watu. Mnajua sikukuu ya mavuno: watu wanaleta mahindi, karanga, kuku aliyefungwa miguu, vingine vinapigwa mnada, vingine vinatengwa kwa ajili ya wenye shida. Lakini wenye shida walikuwa ni akina nani? Kila mwaka walikuwa wale wale, wale waliokaa karibu na kanisa na kukohoa kwa sauti. Zebedayo alitaka twende mbali, kwa watu wasiotujua. Tukaanza na baiskeli mbili. Pikipiki ilikuja baadaye, na ilituharibia mengi.

Hiyo pikipiki niwaeleze. Mara ya kwanza tulipoifikisha kwenye mji wa Wasukuma, boma la familia moja, ng'ambo ya Kakese, nilimwambia Zebedayo aiendeshe mpaka mlangoni, tuonekane tumefika. Ndama walikuwa wametoka tu zizini. Waliposikia ule mlio, walitawanyika kila upande, na asubuhi ile neno la Mungu lilihubiriwa kwa kukimbia. Mimi nilihubiri mpaka kwenye shamba la mtama la jirani, viatu mkononi. Tangu siku hiyo pikipiki tuliizima mbali na kuisukuma. Mkifika mmetoka jasho, watu wanawaonea huruma, wanawapa maji. Mkishapewa maji mmeshakuwa wageni wao, na mgeni ni bora kuliko mfadhili.

Tena, msitoe daftari. Nilitoa daftari mara moja, nikamuuliza mzee mmoja, "Baba, mna ng'ombe wangapi?" Vumbi la ng'ombe wake lilikuwa limeziba jua. Akatazama daftari, akanitazama mimi, akasema, "Wapo wawili, watatu." Nikaandika. Zebedayo alicheka njia nzima, alicheka mpaka baiskeli ikamwangusha. "Mama," akaniambia akiwa bado chini, "mtu aliyekuja na ng'ombe kutoka kaskazini, akapita mapori, akafukuzwa huku na kule, akiona kalamu anajua anahesabiwa ili ahamishwe. Na hata kama si hivyo, ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni. Kwani wewe mteja akija unamuuliza ana nguo ngapi sandukuni?"

Kwa hiyo jifunzeni kukumbuka kwa kichwa. Salimieni kwanza, kwa lugha yao, hata kama mnaiumiza. "Mwangaluka" asubuhi, "mwadila" jua likishapinda. Msikimbilie shida. Ulizeni mvua, ulizeni nyasi, ulizeni kisigino cha bibi. Mkipewa maziwa ya mgando, nyweni. Nendeni wawili: mmoja aongee, mwingine atazame. Zebedayo alikuwa ndiye wa kutazama. Alikuwa anatazama kitu ambacho mimi sikukijua kwa muda mrefu, mpaka nilipomuuliza.

"Naangalia moto unaombwa wapi," alisema.

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba vijijini mtu akikuta moto wake umezimika, hatoi kiberiti upesi. Anachukua kigae cha chungu, anakwenda kwa jirani, anaomba kaa la moto, na kwenye kuomba kaa anapata habari za siku nzima. "Nyumba inayoombwa moto ni nyumba nzima," alisema. "Nyumba ambayo haiombwi moto, hata kama ghala limejaa, hiyo inaumwa."

Nililiweka neno hilo mahali, nikalisahau. Kusahau kwangu ndiko nilikokulipia.

Lakini subirini, kuna jiko.

Tulikuwa tumegundua kuwa kina mama wengi kule wanaumwa macho kwa moshi. Walikotoka kuni ni za shida, walipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na moshi wake unakaa machoni miaka na miaka, macho yanabaki mekundu. Kanisa likatuletea fundi wa kufundisha jiko la udongo lenye bomba, lisilotoa moshi ndani. Tukajenga la mfano, zuri, limesuguliwa likang'aa. Tukarudi baada ya mwezi. Ndani ya jiko letu kuku alikuwa amelalia mayai. Jiko letu la kwanza lilipika vifaranga tisa.

Vijana wa kanisa tuliokwenda nao walikasirika. Mimi ugonjwa wangu ukanipanda. Nikamuuliza mwenye nyumba, "Mayu," yaani mama, "kwa nini?" Akaninyooshea kidole juu. Pale juu ya moto wake wa mafiga matatu yalining'inia mahindi ya mbegu, meusi kwa moshi, na dumuzi hata mmoja hakuyagusa. "Jiko lenu," alisema, "linatoa moshi wote nje. Sasa mbegu yangu nitailinda na nini? Na nyimbo zenu?" Tulicheka wote, na kuku akatoka kwa hasira. Tulikuwa tumekwenda kuondoa moshi bila kuuliza moshi unafanya kazi gani.

Mngedhani mtu akishachekwa na kuku amepata akili. Sikupata.

Sasa nyumba yenyewe. Kitongoji nitakificha jina, maana watu wake wapo, na watoto wao wanasoma mitandaoni kama nyie. Kilikuwa na miji kumi na minne, imetawanyika, kila mmoja na zizi lake. Katika mji wa tisa ukihesabu kutoka barabarani aliishi Bibi Kwandu, peke yake. Mwanawe alikuwa amepeleka ng'ombe kusini kutafuta malisho, na habari zake zilikuwa zikija kwa nadra. Alikuwa na mbuzi watatu, mgongo uliopinda, na macho mekundu kuliko yote niliyoyaona. Alikuwa na ucheshi pia. Siku ya kwanza aliponiona natokwa jasho alisema, "Karibu mayu, kaa, hata mbuzi wangu hawahemi hivyo."

Nilimpenda pale pale. Nikarudi mjini nikawaambia kina mama wa kanisa: tumempata mtu wetu. Kila Alhamisi tukawa tunakwenda, wanawake saba, wenye sare ya kitenge. Tunaimba tangu njiani. Tunampelekea sabuni, chumvi, sukari. Tunamzunguka, tunamwekea mikono kichwani, tunaombea macho yake na upweke wake, na mnajua kina mama wetu wakiomba hawanong'oni. Wanakemea. Wanakemea ugonjwa, wanakemea umaskini, wanakemea kila nguvu ya giza, mpaka mbuzi wanasimama. Watoto wa kitongoji wakaanza kuniita Mama Sabuni, na mimi nilijivunia jina hilo kama cheo.

Zebedayo alikuja mara mbili tu. Mara ya pili, tukiwa tunarudi, aliniambia, "Mrina asali akishapandisha mzinga juu ya mti, anaondoka. Ukisimama chini yake kila siku unatazama, nyuki hawaingii." Nikadhani ananihadithia habari za Inyonga.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano tulifika, tukakuta tawi la miiba limelazwa njiani kwa bibi. Miiba mikubwa, ile inayofungia mlango wa zizi. Mtu alikuwa ameifunga njia yake kama anavyofunga ng'ombe. Kina mama waliacha kuimba. Tuliruka, tukaingia. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, akasema, "Ah, upepo huo," na akabadilisha mazungumzo. Siku ile tuliomba kwa sauti zaidi.

Mimi sikuweza kuondoka hivyo hivyo. Niliwaacha wenzangu watangulie, nikashuka kwenye kisima. Pale palikuwa na Mama Limi, mke wa Masanja, ambaye mji wake unapakana na wa bibi. Alikuwa anajaza ndoo na hakunitazama.

"Mwadila, mayu," nikasema.

"Mwadila."

"Nani kaweka miiba kule kwa Bibi Kwandu?"

"Miiba inajiweka?"

"Ndiyo nauliza."

Akatua kata ya kuchotea. "Ndama watatu wa baba Limi wamekufa wiki hii. Mmoja alikuwa mzima asubuhi, mchana kalala. Wazee wamesema Jumapili ya pili watakaa kikao. Bibi aseme mwenyewe, au aondoke."

Vijana wangu, mtu wa umri ule akiambiwa aondoke, anaondoka kwenda wapi? Na mnajua kama ninavyojua mimi kwamba wengine hawaambiwi waondoke. Nikasema, "Yule mzee? Kwa macho mekundu tu? Nani kawaambia ni mchawi?"

Hapo ndipo aliponitazama.

"Nyie."

"Sisi?"

"Nyie ndio mlituambia. Hapa kuna miji kumi na minne. Kwangu hamjawahi kuingia hata kuomba maji. Kwa Mama Ng'wasi mwenye mtoto wa kifafa hamjaingia. Mnapita miji minane kama mnapita vichuguu, mnakwenda kwake tu. Watu saba. Mnamshika kichwa, mnakemea mapepo kwa sauti tunawasikia mpaka huku kisimani. Kila wiki mnakemea, kila wiki mnarudi, maana yake hayatoki. Mnamwachia na sabuni ya kuoga. Sasa niambie, Mama Sabuni, kama bibi hana kitu, mlikuwa mnakemea nini?"

Nimeishi miaka mingi na sijawahi kuulizwa swali zuri kama lile. Alijitwisha ndoo yake akaondoka, na mimi nikabaki natazama maji yakitulia. Ndipo neno la Zebedayo likarudi. Nikapanda juu taratibu, nikatazama njia ya kwenda kwa bibi. Njia nyingine zote zilikuwa nyeupe kwa kukanyagwa. Yake ilikuwa imeota majani katikati, na nyayo zilizokuwepo zilikuwa za viatu vyetu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikaenda kwa mtendaji wa kata, na nyie mfanye hivyo hivyo, msije mkadhani maombi yanatosha pale uhai wa mtu ulipo hatarini. Mtendaji alikuja na mgambo. Akasema mbele ya watu kwamba kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, na atakayemgusa bibi atamjua yeye ni nani. Watu wakaitikia. Akaondoka. Miiba ikabaki pale pale. Sheria ilifunga midomo, lakini njia haikuifungua.

"Tufanyeje?" nilimuuliza Zebedayo. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya kikao. "Tukahubiri kikaoni? Tukawaambie si mchawi?"

"Ukisimama kumtetea, utakuwa umemshika kichwa mara nyingine," alisema. "Wewe una kipaji gani, mama?"

"Kuuliza."

"Basi kaulize. Bila sabuni."

Tulianza asubuhi iliyofuata, mji wa kwanza kutoka barabarani, sisi wawili tu, mikono mitupu. Bila sare, bila wimbo. Tulikuwa na swali moja ambalo tulilikata na kulishona njia nzima kwenye baiskeli: "Mlifikaje huku?" Hatukuuliza mna shida gani. Shida za mtu ziko ndani ya safari yake, akikusimulia utazikuta.

Mnadhani watu hawapendi kuulizwa? Hakuna aliyekuwa amewauliza. Serikali iliuliza ng'ombe, kanisa liliuliza wokovu, wenyeji kama sisi Wabende tuliuliza mtaondoka lini. Njia hakuna aliyeiuliza. Mji wa kwanza ulitula mchana mzima. Mzee mmoja alituchorea chini, kwa fimbo, mito yote aliyovuka. Mama Ng'wasi alituambia kuhusu mtoto wake bila kuombwa, na wiki hiyo hiyo tulimpeleka kliniki. Na jambo la ajabu, ambalo sikulipanga, nakiri sikulipanga: jina la Bibi Kwandu lilianza kutokea ndani ya hadithi. Linatokea, msimulizi anasita, anapita haraka kama mtu anayepita kwenye tope. "Tulikaa pale msimu mmoja, chakula kikaisha, tukapewa mbegu na... tukapewa mbegu." Na nani? "Na bibi yule."

Siku ya sita tukafika kwa Masanja.

Alikuwa anasuka kamba ya ngozi. Mtu mkubwa, mwenye kofia ya pama, na uchungu wa ndama ulikuwa bado unaonekana usoni mwake. Mama Limi alikaa nyuma yake akipepeta. Nikauliza swali letu. Kwanza alijibu kwa kifupi. Halafu kamba ikaanza kwenda polepole, na sauti ikapata joto. Walipita Tabora na mvua. Waliingia porini. Mbung'o waliua ng'ombe nusu. Siku ya tatu porini mke wake akashikwa na uchungu, mimba haijatimia vizuri, mvua inanyesha, wanaume wanashikilia turubai kwenye pembe zake nne.

"Nilisimama pembe ya huku," alisema Masanja, akainua mkono kama bado ameshikilia. "Nilikuwa nalia. Nasema kweli. Mtoto akatoka hana sauti. Mweusi, hana sauti. Tukajua basi. Akamchukua, akamgeuza, akamnyonya puani kwa mdomo wake, akatema, akanyonya tena, akatema. Mpaka Limi akalia."

Kamba ilikuwa imesimama.

Mimi sikujua, wanangu. Naapa sikujua. Niliuliza kwa sababu ndivyo nilivyo, nilitaka kujua.

"Nani huyo aliyemnyonya?"

Masanja akatazama kamba yake. Mama Limi akaweka ungo chini.

"Sema, baba Limi," alisema mke wake taratibu. "Mgeni amekuuliza."

Masanja alisimama, akachukua panga kwenye paa. Akatoka. Zebedayo alinishika mkono nisiinuke. Tulimwona akienda moja kwa moja mpaka kwenye njia ya bibi, akaikata ile miiba vipande viwili, akaiburuta, akaipeleka kwenye zizi lake la ndama, akafunga nayo pengo. Akarudi akakaa. "Zizi lilikuwa linahitaji miiba," alisema.

Huo ndio ulikuwa msamaha wake wote. Sijawahi kusikia mwingine, na sikudai.

Jumapili ya pili kikao kilikaa, lakini Zebedayo alikuwa amekwenda kumwomba afisa mifugo aje. Masanja ndiye aliyeuliza swali la kwanza, kuhusu ndama. Afisa akaomba ngozi za waliokufa, akaomba kuona waliobaki, akawaonyesha kupe ndani ya masikio. Ndigana, ugonjwa wa kupe. Akawaambia dalili, nao wakawa wanatikisa vichwa mmoja mmoja. Mzee mmoja pale mwishoni hakutikisa kichwa, na mpaka leo hapiti kwa bibi. Siwadanganyi kwamba wote waliponywa.

Mavuno yale kanisa lilinunua bomba la kunyunyizia ng'ombe dawa. Alhamisi ikawa siku ya bomba. Tulipanga likae kila mji wiki moja, kwa mpangilio wa nyumba, pamoja na mji wa tisa wenye mbuzi watatu, na atakayelihitaji alifuate huko lilipo.

Kabla ya hapo nilikwenda kwa bibi kumwomba radhi. Nilimweleza yote, tulivyomtia alama kwa nyimbo zetu. Alinisikiliza huku anacheka kidogo.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua wanavyosema?"

"Nina macho mabovu, masikio sina shida nayo."

"Sasa kwa nini hukutuambia, bibi?"

"Ningewaambia, mngeacha kuja. Mliponishika kichwa siku ile ya kwanza, nilikuwa sijaguswa na mtu tangu mwanangu aondoke." Halafu akauliza, kama mtoto: "Bado mtakuja?"

Nikamwambia tutakuja, kwa zamu, kama kwa wengine. Niliona alivyohesabu moyoni kwamba zamu ni chache. Hilo nalo mliandike kwenye hatua zenu: kurekebisha kosa letu kulimpunguzia wageni, na alikubali.

Juma la mji wa tisa lilipofika nilikwenda mapema, mimi peke yangu, niwe nimekaa pale nione nani atakuja kufuata bomba. Lilikuwa limeegemea ukuta, jipya, la njano. Bibi alikuwa anapikia ndani, mafiga matatu, na juu yake mahindi ya mbegu. Jua likapanda. Hakuja mtu. Nikaanza kufikiria maneno ya kumfariji.

Kisha nikasikia nyayo. Alikuwa Mama Limi. Nikajua amefuata bomba, nikainuka nimpokeze. Akalipita. Akainama mlangoni, mkononi ana kigae.

"Mwangaluka, mayu," alimwambia bibi. "Moto wangu umezimika."

Na mimi, kwa macho haya ya fundi yaliyozoea kutafuta mshono, niliona kwenye pindo la kanga yake umbo la kiberiti, zima, la pembe nne.

Nilikuwa na swali. Lilikuja mpaka kwenye meno. Nikalimeza, na katika miaka yote ya kazi hiyo hilo ndilo swali pekee ambalo sikuuliza.

Bibi Kwandu alichokoa majivu. Aliyaacha makaa mawili madogo yaliyokuwa mbele, akatafuta nyuma, akatafuta, mpaka akapata kubwa, jekundu, akaliweka kwenye kigae. Mama Limi akalipokea kwa mikono miwili. Halafu hakuondoka. Akachuchumaa pale pale, kaa likififia mkononi mwake, akaanza kumwambia bibi habari za siku nzima. Mimi niliaga nikatoka nje, maana moshi ulikuwa umenijaa, na nilisukuma baiskeli mpaka Kakese macho yangu yakiwa mekundu kama ya bibi.